Daftari la Wageni

Kibanda changu ni cha mabati, mlango umeelekea mashariki,
na upepo wa Puna huubisha kila alfajiri kama mdai.
Nina meza, daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi,
na bango: Usichukue kitu. Usiache kitu.
Huu ni mwezi wangu wa kwanza huku juu.
Nalala nikihema kama niliyetoka mbioni,
na maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa.

Alikuja Jumanne, nyuma ya pikipiki ya mjukuu wake Wilfredo,
Eulogia Guitián, shavu moja limetuna majani ya koka.
Jina? Akataja. Umri? Akacheka.
Unatoka wapi?
Akatazama nyuma ya bega langu,
uwanda mzima wa mawe uliposimama, mweupe, wimbi juu ya wimbi,
kama maziwa yaliyofurika sufuriani yakagandia kando.
"Andika: hapo."
Nafasi ni finyu. Nikaandika: Hapo.

Tukaenda. Nikamweleza nilichokariri:
volkeno ilitapika siku nyingi zisizohesabika,
majivu yakatua, upepo ukashika patasi.
Alikuwa ananisikiliza kama mtu anayesomewa
barua aliyoiandika mwenyewe.

"Hapa tulilala na punda kumi na wanne,
magunia ya chumvi, tukishuka mabondeni kuyabadilisha kwa mahindi.
Pale, kwenye ule ufa, kaka yangu Nicasio alichelewa.
Siku mbili tulimtukana.
Siku ya tatu tukanyamaza."

Akachagua majani matatu ya koka yasiyo na kasoro,
akayalaza chini ya jiwe.
Usiache kitu, lilisema bango, nyuma yetu, mbali.
Mimi nikageuka kuwatazama vikunya.
Nao wakanitazama.

Kisha akainama, magoti yakilia ka, ka,
akaokota jiwe la ukubwa wa andazi.
"Sufuria yangu ina masizi."
Mama, hairuhusiwi.
Nikamtajia sheria, kifungu, hifadhi,
nikasema tunawatunzia watakaokuja.
"Na mimi," akasema, "si nimekuja?"

Alilipima kiganjani. Jepesi,
kama kitu ambacho hakijaamua bado kuwa jiwe.
Likiwekwa majini huelea; nilijua hilo kwa kusoma,
yeye kwa kufua.
Akalirudisha kwenye kishimo chake,
akaligeuzageuza mpaka upande wenye vumbi ukalala chini
kama alivyoukuta.
Hakusema neno hadi getini.

Getini alikaa kwenye kizingiti changu,
akavua kiatu cha kulia, akakikung'uta.
Akavua cha kushoto.
Vichuguu viwili vya changarawe nyeupe mlangoni pa serikali.
"Hesabu, mwanangu, usije ukasema
wa ukoo wa Guitián ni wezi."
Wilfredo akawasha pikipiki akitazama pembeni.

Nilikwenda kutafuta ufagio.
Niliporudi upepo ulikuwa umekichukua kichuguu cha kulia,
na cha kushoto ulikuwa unakimalizia.
Haukutaja jina, umri, wala utokako.

Usiku nikavua buti zangu kitandani:
chwaa, juu ya shuka.
Mwezi mzima nimetoka nayo kila jioni,
mifukoni, kwenye upindo wa suruali, kwenye nyusi,
mimi mwenye beji.

Uji ulikuwa umeungua.
Nikakusanya changarawe kwenye shuka, konzi moja,
nikasugua.
Masizi yakatoka.
Sufuria inang'aa hadi naona sikio langu,
na kwenye daftari, nimetafuta,
hakuna nafasi ya kuandika hilo.